Jibu Kwanza, Ndipo Fatiha

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira zinanipanda upya. Nilikuwa msichana, nimerithi hisa chache za marehemu baba katika kampuni iliyokuwa na jumba moja la kupangisha Mji Mkongwe, maduka chini, vyumba juu. Tulikutana Michenzani kwa mkutano mkuu wa mwaka. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa heshima zake, kanzu imenyooka pasi, na ukimsikia akizungumza utadhani kampuni ni yake na sisi wageni wake.

Alitangaza kwamba bodi imeamua kulikodisha jumba lote kwa mtu mmoja, kwa miaka mingi, kwa kodi ndogo kuliko tuliyokuwa tukiipata. Huyo mtu hakumtaja. Bi Zuhura akanyoosha mkono. Alikuwa mjane, na gawio la hisa zake ndilo lililokuwa likiwalisha wajukuu zake mayatima.

"Mwenyekiti, huyo mpangaji ni nani?"

"Bi Zuhura, hayo bodi ishayazungumza. Muda umekwenda, tufunge kwa Fatiha."

Basi ukumbi mzima ukainua mikono. Ndivyo tulivyo sisi. Ikishatajwa Fatiha, nani ataendelea kuzungumza? Na yule bwana alilijua hilo vizuri. Kila mwaka, swali likimkaa vibaya, alikimbilia kwenye dua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: mtu achukue chako, halafu akutake uitikie amin.

Bi Zuhura hakuinua mikono. Alibaki amesimama.

"Dua siikatai, Mwenyekiti. Nnakataa kuzibwa mdomo kwa dua. Nijibu kwanza, kisha tutasoma sote."

Mzee mmoja wa mbele akashusha mikono, jirani yake naye, kisha safu nzima. Mwenyekiti aliwatazama wanabodi wenzake, nao wakatazama sakafu. Ikambidi aseme.

"Ni mkwe wangu. Lakini mtu mwaminifu."

"Kama mwaminifu, mbona ulimficha?"

Tulimtaka Mwenyekiti atoke nje, tukapiga kura bila yeye, na mkataba ukakataliwa. Wajukuu wa Bi Zuhura waliendelea kula.

Sasa wewe nawe umeingia kwenye bodi ya kampuni nyingine, na jana unanisimulia huku unacheka kwamba mwenyekiti wenu kampa ndugu yake kazi ya kampuni, nanyi mkanyamaza kwa kuwa ni mtu mzima. Mimi sikucheka. Mkubwa mwamkie shikamoo, mpishe kiti, lakini mali za watu usimwachie kwa ajili ya adabu. Umewekwa hapo na watu wasiokuwemo chumbani. Makaratasi yasome kabla hujaingia kikaoni. Mwenye maslahi katika jambo aseme mwenyewe, kisha atoke wenziwe waamue. Ukipinga, hakikisha imeandikwa kuwa ulipinga. Na mwenye hisa moja akiuliza, mjibu vilevile unavyomjibu mwenye hisa elfu, maana naye ni mwenye kampuni. Hilo la ndugu yake lirudishe mezani kikao kijacho, wakununie wakitaka.

Mungu akupe moyo wa kusimama hata ukiwa peke yako, akuepushe na kula haki ya yatima, na siku utakapokiacha kiti hicho akujaalie upite vichochoro vyote vya mji huu bila ya kumkwepa mtu.