Pindo la Gauni Lile

Mama yangu hakuwahi kuipenda kazi yangu. "Sinema ya bazungu benye balikufa, tena bila sauti! Bon, utakula nini?" Ndivyo alivyonipokea kila nilipoingia dukani kwake Matonge, mtaa wetu Wakongo huku ughaibuni, anakorekebisha nguo za wenzetu wa Lubumbashi waliokonda au kunenepa ghafla.

Nilikuwa naandika tasnifu juu ya mwanamke Mfaransa, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuongoza filamu. Asiyekujua hakuthamini, husema watu. Huyu walimjua vizuri, na bado filamu zake wakawapa wanaume aliofanya nao kazi. Iliniuma. Nilichagua filamu moja yenye jina la mwanamume kama mwongozaji, nikaapa kuirudisha kwake. Profesa akanipa wiki mbili: lete ushahidi, ama badilisha mada.

Zilibaki siku nne, na sina kitu. Nilikuwa kwenye kona ya duka, naitazama ile filamu kwenye kompyuta kwa mara ya mia. Mama akapita nyuma yangu na pini mdomoni, akasimama, akaonyesha gauni la mwigizaji.

"Ile robe nilishaiona."

"Wapi, maman?"

"Ku ile ingine ya juzi, ya ule mutoto mwenye analia. Balifumua pindo, ona mustari ya zamani. Na pa kola baliweka dentelle juu ya kufunika fasi ya kupasuka."

Nikafungua ile ya juzi, ambayo hakuna anayebisha kwamba ni ya yule mwanamke. Jamani! Gauni lile lile, fupi zaidi, na kola bado haina lesi. Na katika barua zake nilishasoma, nikaruka kama mambo ya nyumbani tu, kwamba nguo za waigizaji ni zake, anazirekebisha mwenyewe, na hamwazimi mtu. Basi na hii ni yake. Miaka mitatu ya maktaba, mshonaji kaimaliza kwa dakika moja.

Profesa alisoma, akafurahi kweli. Halafu akaweka kidole kwenye tanbihi, nilipoandika jina la mama na neno "mshonaji". Akasema kwa upole kwamba fundi wa nguo si chanzo cha kitaaluma. Andika tu kwamba umegundua wewe.

Hivi hivi ndivyo walivyomfuta yule ninayemwandikia, kwa upole na kalamu mkononi.

"Hapana," nikasema. "Likitoka jina lake, na langu litoke."

Tasnifu iko maktaba sasa. Mama alikuja kuiona, akavaa miwani, akainama juu ya ukurasa wenye tanbihi ile.

"Juu ya nini jina yangu ni kadogo hivi?"