Safari ya Siku Basi Liliponiacha

Mwezi uliopita basi letu la wanafunzi lilitoka Ubelgiji likaingia Ujerumani wenzangu wakiwa wamelala. Mimi nilikuwa macho, pasi ya kusafiria mkononi, nikimsubiri askari wa mpakani aikague. Hakuja.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, Johannesburg. Basi la shule lilikuwa limekwenda Lesotho bila mimi, kwa sababu karatasi yangu ya ukimbizi haikuniruhusu kuvuka mpaka. Mama alikuwa msusi Yeoville, mtaa wa wahamiaji kutoka kote Afrika. Alifunga saluni, akanivalisha sare, akatia maandazi kwenye mkoba wangu.

"Nani kasema wewe hutasafiri? Twende."

Tukashuka mtaani, duka kwa duka, kila moja Mama akiliita nchi. Kwa Wahabeshi kulinukia kahawa, kwa Wakameruni samaki wa kuchoma, kwa Wanaijeria redio iliunguruma hadi kifuani. Niliamini kila mlango ni mpaka wa kweli, nikawa naichomoa ile karatasi kila tulipofika kizingitini. Mama akaushusha mkono wangu.

"Rudisha kwenye mkoba. Leo hatumwonyeshi mtu."

Siku iliyofuata wenzangu walirudi darasani wakijivunia nchi moja. Niliwaambia mimi nimekwenda tatu, na kote huko hakuna aliyeniuliza karatasi.