Upawa wa Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya msaragambo, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo usiojua kupumzika. Kwetu huku milimani Upare, msaragambo ni kazi ya wote. Ndiva, lile bwawa linalokusanya maji usiku ili asubuhi tuyafungulie mashamba kwa zamu, ikijaa tope, baragumu hupigwa na kila nyumba hutoa mtu. Wanaume huzoa tope, wanawake hupika makande. Kitongoji chetu kilikuwa na upawa mmoja mkubwa wa mti, na mwanamke aliyekabidhiwa huo ndiye aliyewaongoza wenzake. Ulitundikwa jikoni kwake.

Miaka ile ulikuwa kwa mama mkwe wangu, Nakundwa, mjane. Nilipoolewa nikitoka Bendera, bondeni kwenye joto, nilitetemeka kwa baridi ya huku mpaka meno yakagongana, naye akavua sweta lake akanivika. Hakuwahi kulidai. Basi huyo ndiye mama niliyemkosea.

Alipofika miaka arobaini na saba hivi, akabadilika. Kikombe kikianguka, anafoka. Mtoto wangu Neema akicheka kwa nguvu, anafoka. Muda kidogo utamkuta kakaa peke yake anafuta machozi. Mimi nilijipa jibu haraka kwamba amenichoka. Ujana una raha yake, unadhani kila hasira duniani inakuhusu wewe.

Siku hiyo ya msaragambo nilitia chumvi kwenye makande kabla maharage hayajaiva. Nacheka sasa, maana hata mtoto anajua maharage yakiwahiwa na chumvi yanagoma kulainika. Mama alifoka mbele ya watu wote, akaniuliza nimelelewa na nani. Kisha akatupa kanga yake chini, akijipepea, na ilikuwa Julai, wengine tumejifunika mpaka masikio. Akaenda nyuma ya jiko akalia.

Ningemfuata. Badala yake nikawageukia wanawake, nikasema, "Msimshangae. Amechanganyikiwa siku nyingi, mimi ndiye ninayeishi naye."

Wakaniamini, kwa sababu nilikuwa mtu wa nyumba ile. Kabla jua halijazama walikubaliana apumzishwe, na upawa niushike mimi kwa muda. Nisikufiche, nilifurahi. Niliubeba nikautundika jikoni kwangu, na mlango wangu ulitazamana na wake. Mama akauona. 

Tangu hapo hakutoka tena. Kwaya akaacha, shamba akaacha. Wiki ya pili akakunja nguo zake, akamwambia mume wangu anarudi kwa kaka zake kijijini Bombo, asije akatuharibia nyumba. Mume wangu hakula siku hiyo. Mama wa watu anaiacha nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akiamini kwamba ana wazimu, na aliyemwaminisha ni mimi.

Ndipo akaja Bibi Kanasia, shangazi wa mume wangu, mkunga mzee aliyempokea Neema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anautazama ule upawa ukutani.

"Mama Neema," akasema, "mkweo analala?"

"Sijui, bibi."

"Siku zake bado anaziona?"

"Bibi, mambo hayo ya mkwe nitayajuaje?"

"Na kwamba amechanganyikiwa, hilo ulilijua vipi?"

Akaniketisha, akanieleza taratibu kwamba mwanamke akikaribia kukoma hedhi mwili wake huhangaika, na hali ya moyo nayo huhangaika pamoja nao. Joto, jasho, usingizi kukatika, hasira na machozi. Yeye alipita humo humo, akatoka, akaendelea kuzalisha watoto wa kata nzima.

Mchana ule ule nilivuka ua na upawa mkononi. Mama alikuwa amekalia kifurushi cha nguo zake. Nikapiga magoti nikamuuliza, "Mama, unalala?"

"Mwaka wa pili huu silali," akasema. "Naloa jasho kama mtu aliyelima. Namfokea mtu, halafu mwenyewe sijui hasira imetoka wapi. Nilidhani nawehuka, mwanangu. Mama yangu alikufa hajanidokeza neno."

Tulilia wote wawili. Kifurushi nilikifungua mimi.

Msaragambo uliofuata nilisimama mbele ya wanawake wale wale, nikasema kwamba nilimsingizia mama yangu, na nikaeleza kinachomsumbua. Kisha mama mmoja mtu mzima akasema, "Hata mimi." Mwingine akafuata, na mwingine. Mama akaupokea upawa, akajaza sahani yangu kwanza kabisa, akasema, "Kula bila wasiwasi. Leo chumvi nimetia mwenyewe."

Miaka mingi baadaye, zamu yangu ya kukoma hedhi ilipofika, sikuwa mgeni nayo. Nilishuka Same mjini, muuguzi akanipima presha, akanieleza kwamba homoni huanza kupanda na kushuka hata miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma, na kwamba tiba zipo, daktari huangalia ipi inamfaa nani. Akaniuliza pia kama nimechoka kuishi, maana huzuni ikifika hapo haingojwi ipite, inapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Nilikuwa sijafika huko. Nilikuwa tu nimegombana na kuku, majirani na mchungaji, kwa mpangilio huo.

Na Neema, ambaye nilikuwa nimeshamsimulia yote haya, kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu akauliza, "Mama, umelala?" Siku nyingine nilimjibu vibaya. Kesho yake alikuja tena.

Kwa hiyo, mwanangu, mama yako au mkweo akibadilika, usikimbilie kumpa jina. Muulize usingizi wake. Mpunguzie kazi bila kumnyang'anya heshima, kisha msindikize hospitali, na dawa za kuuziwa njiani achana nazo. Akikufokea, una haki ya kuumia, mwambie akishatulia. Nawe ukifika umri huo, sema mapema, tena kwa sauti, binti zako wasikie. Hapo si mwisho wako. Mama Nakundwa aliushika upawa ule miaka kumi na minne zaidi, kisha akanikabidhi kwa mkono wake mwenyewe, na safari hiyo nilistahili.

Mungu akujalie umri wa kuyafikia haya, akuvushe salama. Na asubuhi ile utakayoamka hujielewi, akuwekee mtu mlangoni wa kukuuliza kama umelala.