Kiazi cha Kuamua Nizalie Wapi

Mimba yangu ya kwanza niliipata milimani Usambara, mahali ambapo asubuhi ukungu uliingia ndani bila kupiga hodi. Mume wangu, mzaliwa wa Ngamiani, alikuwa karani wa msitu huko. Ilikuwa miaka ya hamsini, na kwetu Tongoni, pwani, mtoto wa kwanza alizaliwa nyumbani kwa mama mzaa binti. Mimba ikifika miezi saba mke alirudishwa kwao, na hakurudi kwa mumewe mpaka arobaini ipite. Nimeona arobaini zilizochukua nusu mwaka.

Mume wangu hakutaka. Aliniambia mimi peke yangu kwamba zahanati ilikuwa karibu, na kwamba alitaka kumwona mwanawe angali mwekundu. Kumwambia mama mkwe wake hayo hakuthubutu. Kwa desturi yetu hakutakiwa hata kukaa naye chumba kimoja, sembuse kubishana naye habari za uzazi.

Kwa hiyo mama alipokuja kututazama, kwa treni mpaka Mombo kisha kwa basi, mazungumzo yalifanyika hivi: mama aliketi kitandani kwangu, mume wangu alisimama nje ya dirisha, na mimi katikati nikapeleka maneno. Walisikiana vizuri kabisa. Hata hivyo kila mmoja alingoja nirudie maneno ya mwenzake ndipo ajibu.

"Mwambie mumeo nchi hii ni baridi, haizalishi," alisema mama. "Tangu tuanze kupanda mlima sijaona tuta moja la viazi."

Nikamwambia. Mume wangu akajibu kwamba viazi vilikuwa tele, majirani wote walipanda viazi ulaya.

"Mwambie hivyo si viazi."

Mama alikuwa amekuja na mzigo wa marando ya viazi vitamu, ameyafunga kwenye gunia bichi, kwa sababu hakuweza kufikiria nyumba isiyo na matembele, mboga ya majani yake. Akatoa sharti. Marando yapandwe. Mimba ikifika miezi saba, kama yatakuwa yamezaa, basi ardhi ile inajua kuzaa na mtoto azaliwe hapo. Kama hayakuzaa, atanichukua. Mume wangu aliitikia dirishani kabla sijafungua kinywa, na hilo ndilo kosa pekee la adabu alilofanya siku hiyo.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilitaka vyote viwili: mama anishike mkono siku hiyo, na mume wangu awe karibu asikie kilio cha kwanza. Hilo halikuwamo katika sharti.

Ilikuwa masika. Mume wangu alipiga matuta mwenyewe, nyuma ya jiko, akitumaini joto la moto litapenya ukuta. Marando yalishika na majani yakatanda kama mkeka. Kisha kipupwe kikaja na majani yakaanza kujikunja. Mume wangu akamwaga majivu. Akatandika nyasi kavu. Kila jioni akawa anachoma mawe jikoni na kuyapanga kati ya matuta, akiyageuza kwa kijiti kama mtu anayechoma mahindi. Hatimaye akatoa blanketi letu zito, la pekee, akalifunika tuta lililokuwa karibu zaidi na ukuta. Nilipomuuliza mimi nijifunike nini, alisema mimi nina mtoto ndani, ananipasha moto.

Asubuhi moja jirani yetu, mama wa Kishambaa, alipita njiani na kapu lake. Akaona tuta refu limefunikwa blanketi na mume wangu kachuchumaa pembeni, ameinamisha kichwa. Akatupa pole kwa sauti ya chini na kuondoka. Mchana akarudi na wenzake wawili, wameleta maharage na ndizi za matanga. Mume wangu akawaeleza kwamba pale hapakuzikwa mtu, ni viazi vinaogopa baridi. Wakatazamana, kisha wakampa pole upya, kwa huruma zaidi. Maharage waliyaacha.

Wakati huohuo mimba ikanitia hamu, na hamu yenyewe ikawa ya matembele. Asubuhi matembele, jioni matembele. Jirani alikwisha kumwambia mume wangu kwamba majani ndiyo yanayolisha kiazi chini, na kila nilichokula kilipungua huko. Lakini kwetu mwenye mimba akitamani kitu hanyimwi, hata kiwe cha shida namna gani. Basi alichuma yeye mwenyewe, jani mojamoja, akichagua mche uliokwishakata tamaa, na aliniwekea sahani bila kuniangalia. Mimi nilikula nikaomba tena.

Mimba ilipofika miezi saba mama akaja tena. Alipoona blanketi aliuliza nani mgonjwa. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akachimba kwa mikono, huku mume wangu amejibanza nyuma ya kona ya jiko. Tuta la kwanza lilitoa mizizi kama kamba. La pili vivyo hivyo. Chini ya blanketi akatoa kitu chekundu chenye mkia, kimo cha kidole gumba. Akakifuta kwa kanga.

"Muulize mumeo hiki ni nini."

"Mwambie mama ni kiazi," ikasema kona ya jiko.

"Mwambie ni kidogo mno."

"Mwambie hata watoto huzaliwa wadogo."

Nilikuwa nimesimama katikati, mgongo unaniuma, baridi imeniingia mpaka kwenye meno.

"Kimezaliwa," nikasema. "Mtoto azaliwe hapa, na mama abaki hapa."

Mama akaitazama kona ya jiko, kona ya jiko ikakohoa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila mmoja alidhani ni maneno ya mwenzake, na alikuwa anatafuta la kujibu.

"Hayo ya nani?" akauliza mama.

"Yangu."

Alinitazama, akakitazama kiazi. Akaliinua blanketi, akalikung'uta udongo, akanifunika mabegani.

Mama alibaki. Mume wangu, aliyekuwa ameshinda, alifunga nguo zake jioni ileile akahamia kwa jirani, maana hakuweza kulala nyumba moja na mkwe wake. Kilio cha kwanza alikisikia akiwa nje ya dirisha, palepale alipozoea kungojea maneno. Nilimpitishia mtoto dirishani, angali mwekundu.

Siku ya arobaini matuta yaliyosalia yalitoa viazi vya kujaza sufuria. Mama alivipika kwa tui la nazi aliyoipandisha kutoka Tongoni, akala, kisha alipokuwa anafunga mzigo wake akaniita.

"Mwambie mumeo, mtoto wa pili tutapanda mihogo."

Nikampelekea. Akaenda kumuuliza jirani mihogo huchukua muda gani kwenye baridi ile, akaambiwa hata miaka miwili. Alirudi dirishani ametulia kabisa: ikipandwa sasa, itakuwa tayari kabla ya mimba ya pili.

"Mwambie mama alete mbegu," alisema.