Nani Anazima Moto wa Hita?

Leo saa saba mchana nilikuwa na kiberiti mkononi, na kogo akanizuia kukiwasha.

Kogo ni nyanya yangu. Amekuja kwangu Kericho kutoka kijijini Siongiroi.

Hita yangu ya maji ni ya gesi. Ndani yake kuna kimoto kidogo ambacho hakifai kuzimika. Siku tatu mfululizo nimerudi nikakipata kimezimika. Upepo hakuna. Mtungi umejaa. Sikuelewa.

Hita ni kuukuu: moto ukizimika, gesi huendelea kutoka.

Nilinusa nikiwa nimesimama. Sikusikia kitu.

Kogo akaingia na kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akaketi kwenye kigoda.

"Wewe, wacha! Huku chini inanuka!"

Nikapiga magoti. Kweli, gesi ilikuwa imelala sakafuni.

Nikafunga mtungi, nikafungua milango na madirisha, tukakaa nje hadi harufu ikaisha kabisa. Ndipo nikafungua gesi, nikakiwasha kile kimoto.

"Kogo, sijui nani anazima huu moto."

"Si ni mimi? Ukienda kazi napuliza. Moto kama hakuna sufuria juu, tunazima. Si nilikufundisha?"

Alinifundisha.

Nimemweleza mara mbili. Ameitikia vizuri. Nilipochukua koti nirudi kazini, akauliza:

"Na huyo moto sasa, anapika nini?"

Nikarudi, nikafunga mtungi.

Naandika haya ofisini. Jioni nitaoga maji baridi. Nyinyi mngemjibu nini?