Kombe la Hasira

Bi Mahfudha hakuwa mtu wa kusema jambo mara moja. Neno likimtoka asubuhi utalisikia tena adhuhuri, na ikifika magharibi majirani wote wameshalishika kwa moyo. Mwaka ule, wa pili tangu bendera ya Uhuru ipandishwe, alikuwa na neno moja tu, akilitwanga kila siku kama mpunga: subira.

"Subiri, mwanangu. Mola yu pamoya na wanaosubiri."

Aliyekuwa akiambiwa ni mke wa mwanawe, Mwanamkisi binti Amini, aliyelala kitandani uso kauelekeza ukutani. Alikuwa akitazama mahali ambapo chokaa imebanduka kwenye ukuta ule wa nyumba yao ya Matondoni, ikafanya umbo la sikio. Aliwaza: ukuta una sikio, watu hawana.

Mtoto wake, Hadia, alikuwa amekufa kwa surua kabla ya mvua za masika. Alikuwa ndio kwanza anajifunza kuita punda. Si kwa jina, maana maneno yalikuwa bado kumkaa mdomoni. Alipiga ulimi kwenye kaakaa, ta, ta, ta, na punda wa watu wakageuka kweli kumtazama. Tangu azikwe, Mwanamkisi hakuchana nywele, hakusuka mkeka, hakutia asumini. Wali ulimkaa kinywani kama mchanga. Asubuhi akifumbua macho, kitu cha kwanza kukihisi ni uzito, kana kwamba kuna mtu kamkalia kifuani na hana haraka ya kuinuka.

Wanawake wa mtaa walikuja kumtazama, wakanywa kahawa ya watu, wakatoa hukumu.

"Ni pepo huyo."

"Pepo wapi! Ni kijicho. Huko kwao Siyu kuna watu wana mato mabaya."

"Azae mwingine tu. Atasahau."

Azae mwingine! Kana kwamba Hadia alikuwa kikombe, kimevunjika, nenda dukani ulete kingine.

Wote walidhani ile ni huzuni. Huzuni ilikuwapo, lakini chini yake, kama kaa ndani ya jivu, ilikuwapo hasira, na hiyo hakuna aliyeiona. Hadia alipotoka vipele na homa ikapanda, Mwanamkisi alijitupia buibui, akamfunga mtoto nguo, akasema anampeleka hospitali mjini Lamu kwa punda wa jirani yao Athman. Kwa punda unatoka asubuhi, kabla ya adhuhuri umefika, njia nzima juani. Bi Mahfudha akasimama mlangoni, mkono huku, mkono huku.

"Umtie yua mtoto wa surua? Una wazimu? Ngoja kombe la Maalim."

Husseini, mumewe, alikuwa mikokoni akikata boriti. Hapakuwa na wa kumsemea. Wakangoja kombe. Maalim Jeilani akaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, mtoto akanyweshwa maji yale. Wakangoja jingine. Lilipofika, hapakuwa tena na mtoto wa kulinywa.

Mwanamkisi hakuwa na ugomvi na aya. Aya alizisoma tangu hajabadili meno, kwa babake, Maalim Amini, aliyekuwa akinakili misahafu kwa mkono kule Siyu, akamfundisha bintiye kushika kalamu pamoja na wavulana. Ugomvi wake ulikuwa na ule mlango na aliyeuziba. Lakini utamwambiaje mama wa mumeo, mbele ya nani? Akanyamaza. Naye alipolala asiinuke, akaletewa dawa gani? Kombe! Akawa analinywa kila asubuhi, anarudi kuutazama ukuta.

Basi siku moja Bi Mahfudha akaingia na habari.

"Maalim Jeilani hayupo. Amesafiri kwenda Mombasa. Mato yake yameingia ukungu, haoni vizuri, daktari wa hospitali atamtazama."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Mwanamkisi aligeuza uso.

"Amekwenda wapi?"

"Hospitali. Si nimekwambia? Sasa weye si binti wa Maalim Amini? Mkono unao. Jiandikie."

Akamwekea sahani, kalamu ya unyasi na kikombe cha zafarani iliyorowekwa kwa marashi, akamfungia mlango, kwa kuwa kombe lataka utulivu.

Mwanamkisi akaketi. Akachovya kalamu. Alitaka kuandika aya, kweli alitaka, lakini mkono ulisita. Aliona haya kuyaandika maneno matukufu na moyo wake unachemka namna ile. Kisha mkono ukaenda wenyewe, kwa herufi zilezile za babake, lakini kwa Kiswahili chake cha nyumbani: *Maalim kaenda hospitali. Mwanangu alikatazwa.*

Akayatazama. Yalikuwa ya manjano, mazuri, yamenyooka. Jambo lililokuwa likimzunguka kichwani siku zote kama nzi aliyefungiwa sasa lilikuwa limekaa pale, kwenye sahani, limetulia, na yeye yuko huku analitazama. Akaogopa. Akamwaga maji haraka, maneno yakalegea, yakawa rangi tu. Hakuyanywa. Aliyamwaga dirishani. Mchana ule akala wali, akausikia ladha, hata akakasirika kwamba una chumvi nyingi.

Kesho yake akaandika tena. *Leo nimeamka. Nimekasirika kwa sababu jua limetoka kama kawaida.* Akaosha, akamwaga. Siku nyingine: *Jirani kaniambia Hadia ni ndege wa peponi. Simtaki ndege. Namtaka mtoto.* Siku nyingine sahani nzima neno moja tu, limezunguka na kuzunguka mpaka katikati: *sitaki, sitaki, sitaki.*

Usidhani alipona. Uzito ulirudi kila asubuhi na kumkalia. Ila sasa alijua kwamba baada ya chai ataketi na sahani yake, na kile kitu kitashuka kifuani, kikae pembeni kidogo, naye avute pumzi. Akaanza kuchana nywele. Akatoka uani. Akachukua ukili, akasuka.

Na sifa akapata nani? Bi Mahfudha!

"Njooni mumwone!" aliwaambia wanawake barazani. "Kombe limemwinua. Si niliwaambia? Kombe na subira."

Mwanamkisi aliyasikia hayo akang'ata ukili mpaka ukakatika. Ikijulikana anaandika nini, sahani itaondoka, na mahali pake zitaletwa ngoma za pepo, apungwe kwa chetezo watu wakimzunguka na kupiga makofi. Na bila sahani ile atarudi kuutazama ukuta. Safari hii, alijijua, hatageuka tena.

Ikafika asubuhi aliyoamka hasira imemjaa mpaka kwenye kucha. Akaandika lile ambalo hakuwahi kuliandika, lile la mlango. Aliandika akajaza sahani, akaandika kwenye ukingo, akageuza akaandika mpaka hapakuwa na weupe. Mara akasikia sauti ya Husseini nje. Amerudi kutoka mikokoni, ana mzigo, anataka apokewe. Mwanamkisi akaiweka sahani kwenye kidaka cha ukutani, akatoka. Akapokea kapu na jerikeni, akauliza hali, akajibiwa, akarudi ndani.

Bi Mahfudha alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja kichwani, anapangusa midomo kwa ncha ya leso. Sahani i mapajani mwake. Nyeupe. Inadondoka maji.

"Mama, umefanya nini?"

"Kitwa kinaniuma tangu yana. Nikaliona kombe limejaa hata pembeni, nikasema hili Mwanamkisi hatalimaliza peke yake." Akacheua taratibu. "Alhamdulillahi! La yeo lina nguvu, mwanangu. Kitwa kimetulia kama kimezimwa. Kesho niandikie jingine, la magoti."

Kicheko kilimtoka Mwanamkisi kabla hajakizuia, kikavu, kama kikohozi. Angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi hivyo tu: anyamaze, amwandikie la magoti, sahani ibaki yake na siri ibaki yake. Lakini alipomwona mama yule ametulia, uso umemkunjuka, ameburudika, amepata raha kwa kunywa kifo cha Hadia, kile kicheko kikageuka moto.

"Unajua umekunywa nini, Mama?"

"Aya."

"Si aya."

Leso ikasimama mdomoni. "Astaghfirullahi. Ni nni basi?"

"Umejinywa mwenyewe. Umenywa ule mlango na mikono yako miwili."

"Husseini!" Bi Mahfudha alipiga ukelele, akaanza kutema mate huku na huku. "Husseini, ndoo! Mkeo amenilisha uchawi!"

Husseini aliingia na tope la mikokoni limemkaukia miguuni. Akamtazama mamake, akamtazama mkewe aliyesimama kichwa wazi, macho yanawaka.

"Sikumlisha mtu," Mwanamkisi alisema. "Amechukua mwenyewe. Kila kitu changu anachukua mwenyewe. Kilio changu alikichukua, akasema nisilie nitamsumbua mtoto kaburini. Sasa hata hasira yangu kaiosha kainywa, na imemponya kitwa!"

"Mbona sielewi? Uliandika nini?"

"Ni uchawi, nimekwambia!"

"Mama, ngoja." Husseini aliichukua ile sahani, akaifuta kwa shati lake, akampa mkewe. "Andika tena. Andika nisome mimi."

Akaandika. Alipomaliza alimsukumia mumewe sahani, na Husseini, ambaye aliwahi kukaa chuo cha Kurani na kutandikwa mpaka akazijua herufi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti, polepole.

"'Hadia, nilikufunga nguo. Punda wa Athman alikuwa tayari njiani. Bibi yako akaziba mlango akasema ngoja. Mimi nina mikono, ningeweza kumsukuma. Nikangoja. Nina hasira naye, na nina hasira na mikono yangu. Na baba yako alipokuja aliuliza kaburi liko wapi, na...'"

Akaishusha sahani kutoka kwenye mwanga.

"Soma," Mwanamkisi alisema. "Umebakisha."

"'...na hakuuliza kingine.'"

Nje punda alilia, akachoka, akanyamaza. Bi Mahfudha alikuwa ameacha kutema mate.

"Yule mtoto nilimpenda," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini shingo bado ngumu. "Mngu ni shahidi. Nilimpenda kuliko mato yangu."

"Najua ulimpenda. Na uliziba mlango."

"Niliogopa yua. Sisi wote tulilelewa hivyo."

"Na Maalim naye? Amekwenda hospitali kwa yua lilelile, Mama. Mbona hukusimama mlangoni kwake?"

Bi Mahfudha alifungua mdomo. Lile neno lake, ambalo halikuwahi kukosa kutoka, halikutoka.

Husseini aliiweka sahani chini kwa mikono miwili. "Punda wa Athman alikuwa tayari kweli?" aliuliza.

"Tayari. Na matandiko."

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayetaka kutoa maji sikioni, akatoka na tope lake miguuni. Mwanamkisi hakumfuata kumbembeleza. Miezi yote ile yeye alibembelezwa na nani?

Walipobaki wawili, Bi Mahfudha aliinuka, magoti yakilia, akakinyakua kikombe cha zafarani.

"Zafarani yangu hutaigusa tena. Ni ya kuandikia maneno ya Mola, si matusi."

"Chukua."

"Na sahani yangu."

"Chukua na sahani. Kesho nitaandika kwa masizi ya chungu, kwenye kipande cha ubao, na nitakaa kizingitini mlango wazi, kila apitaye aone. Akitaka kusoma asome. Masizi hayanyweki."

"Watu watasema una wazimu."

"Walishasema. Nilikuwa nimelala hapo hapo nawasikia."

Usiku ulipita. Asubuhi Mwanamkisi aliamka na uzito wake kifuani kama kawaida, akakaa nao kidogo, kisha akainuka. Akachukua kisu na ubao wa sanduku la majani ya chai, akaketi kizingitini. Jikoni alikuwa amepata kikaango kimoja tu, na masizi yake machache hayakujaza hata kifuniko. Akawa anakwangua na kukwangua, anatukana chini kwa chini.

Bi Mahfudha alipita kwenda uani bila kumwamkia. Akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa amekumbatia chungu kikubwa cha kupikia karamu, kile asichowaazima hata jamaa zake, kitako chake cheusi ti, masizi yameshikana miaka na miaka. Akakitua karibu na mguu wa Mwanamkisi, akakisukuma kwa kidole gumba cha mguu.

"Hiki ndicho chenye mengi," alisema, uso kautazamisha barabarani.

Mwanamkisi hakumshukuru. Alikigeuza chungu, akakibana katikati ya magoti, akaanza kukwangua.