Injini ya Kubebea Viazi

Gari langu kuukuu la michezo, la viti viwili, lilikuwa jepesi kiasi kwamba wanaume wawili waliweza kulinyanyua nyuma. Injini yake ilipokufa, nilimwambia fundi anitafutie nyingine ndogo ya petroli. Kosa langu ni kumwambia mbele ya shemeji yangu, mwenye shamba la viazi Mudende, huko mlimani.

Kwa shemeji, gari lisilopanda Mudende na mzigo si gari. Fundi, aliyekulia Goma ng'ambo ya mpaka, akamuunga mkono. "Bon, tutie dizeli ya minibasi. Piesi yake, vipuri, iko mingi Goma. Ile yako utaipata wapi?"

Niliwaambia uzito ule utaliua gari. Shemeji akasema sisi tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania tunajifanya wazungu.

Nilikwenda kwenye msiba Kigali siku nne. Niliporudi, dizeli ilikuwa imeshafungwa. Pua ya gari ilikuwa imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji, na kwenye kona ya kwanza kando ya ziwa nusura linitumbukize majini. Nilimtukana fundi mpaka koo likakauka.

Yeye na shemeji walileta magunia mawili ya viazi, wakayafunga nyuma, pua ikanyanyuka. Kona ileile nikaikata vizuri, na hilo ndilo nisiloweza kuwasamehe.

Sasa gari haliendi sawa bila magunia yale, na kila siku ya soko shemeji hunipigia simu kuniuliza nitapita saa ngapi.